Barua Kutoka Milimani: Historia Fupi ya Taita Hills Association

Mwezi Mei 1940 serikali ya kikoloni ya Kenya ilipiga marufuku vyama vitatu kwa mpigo: Kikuyu Central Association (KCA), Ukamba Members Association na Taita Hills Association. Cha kwanza kilikuwa kimekomaa tangu miaka ya 1920, kina gazeti lake, Muigwithania, na mjumbe wake, Jomo Kenyatta, alikuwa Uingereza akipeleka malalamiko ya watu wake. Cha pili kilikuwa kimewakusanya maelfu ya Wakamba wakaenda Nairobi mwaka 1938 kudai ng'ombe wao waliochukuliwa na serikali. Cha tatu kilikuwa kichanga. Kiliundwa mwaka 1939 na Wataita wachache waliojua kusoma na kuandika, wakiongozwa na Woresha Mengo pamoja na wenzake kama Daniel Mapinga na Jimmy Mwambichi. Hata hivyo serikali ilikiona kuwa hatari kiasi cha kukiweka katika amri moja na vigogo.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu nchini Kenya hukutana na chama hiki katika kitabu cha historia. Hukariri mwaka wa kuanzishwa, majina ya viongozi, malengo, sababu za kuvunjika, kisha huenda kwenye chama kinachofuata. Inaniuma kwamba hata darasani Voi, Mwatate na Wundanyi mambo huenda hivyo hivyo, ilhali ukitoka nje ya darasa lenyewe unaiona ardhi iliyogombaniwa.

Anza na ardhi hiyo. Mtaita wa zamani hakutegemea shamba moja. Ukoo ulikuwa na vipande juu mlimani kwenye baridi na mvua, vingine mteremkoni, na vingine chini kwenye tambarare. Mvua ikikataa bondeni, mlima hulisha. Mlima ukichoka, bonde hushika zamu. Mifugo nayo ilishuka na kupanda kulingana na majira. Mzungu alipofika akatazama tambarare akaona pori lisilo na mwenyewe. Reli ya Mombasa ikapita Voi mwishoni mwa karne ya 19, na pande za Voi na Mwatate mashamba ya mkonge yakapimwa. Huko Taveta, Ewart Grogan, mlowezi aliyejulikana Afrika Mashariki nzima, akajikusanyia eneo kubwa na kujenga juu ya kilima jumba ambalo mpaka leo linaitwa Kasri la Grogan. Watu wa milimani wakabanwa juu. Miaka ya 1930 maofisa walipolalamika kwamba milima imejaa watu na udongo unamomonyoka, waliwalaumu wakulima kwa namna yao ya kulima. Walionyang'anywa nusu ya mfumo wao wa kilimo wakaambiwa hawajui kulima.

Mlima Kasigau, hukohuko Taita, una kidonda chake. Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza, Waingereza waliwatuhumu wakazi wake kuwasaidia Wajerumani waliokuwa wamevuka mpaka, wakawahamisha wote hadi Malindi. Wengi walikufa huko ugenini. Jamii nzima ikaadhibiwa kwa tuhuma, wazee, wanawake na watoto kwa pamoja. Waliorudi walirudi baada ya miaka mingi.

Aliyepoteza shamba la tambarare alirudi kwenye tambarare ileile kama kibarua. Kazi ya mkonge haina huruma: unakata jani moja moja, unaondoa mwiba wa ncha, unafunga mafungu, unahesabiwa, na utomvu unakuwasha mikono hadi usiku. Na hukuweza kuondoka utakavyo, maana shingoni ulining'iniza kipande. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920, kila mwanaume Mwafrika aliyetimiza miaka kumi na sita alitakiwa kutembea na karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri, tarehe ya kuanza na kuacha kazi, na mshahara wake, yote ndani ya kikopo cha bati kilichofungwa kwa kamba. Mwajiri asipotia sahihi ya kukuachilia, wewe ni mtoro, na polisi akikukamata unashtakiwa. Mzungu hakubeba kipande. Basi ubaguzi wa rangi haukuhitaji kuelezwa na mtu yeyote. Ulikuwa unagongagonga kifuani kila ukitembea.

Shule ndiyo iliyowapa vijana wa Taita namna ya kujibu. Misheni ya Kianglikana ya CMS ilifika Sagalla, karibu na Voi, mwaka 1883 kupitia J. A. Wray, na Wakatoliki wakajenga Bura mwaka 1892. Baadaye shule zikaenea Mbale, Wusi na kwingineko. Wamisionari walitaka wasomaji wa Biblia, na wakoloni walitaka makarani. Wakapata pia kundi la tatu, ambalo hawakulipangia: vijana wanaosoma magazeti, wanaofuatilia tume ya ardhi iliyozunguka Kenya mwaka 1932 na 1933, na wanaoweza kuandika barua ya malalamiko na kuipeleka juu zaidi ya mkuu wa wilaya. Ndiyo maana naihesabu Taita Hills Association katika historia ya wanafunzi, ingawa viongozi wake walikuwa watu wazima. Bila darasa la misheni chama hicho kisingekuwapo.

Silaha yao ilikuwa kalamu na mkutano. Walidai ardhi iliyochukuliwa irudishwe, walipinga mpango wa serikali wa kupunguza mifugo, walilalamikia kodi, kipande na kazi za lazima. Sioni humo dai hata moja lililopita kiasi. Walitaka kulima kwao na kuhesabiwa kuwa watu.

Ila jambo ninaloliona kubwa kuliko yote ni kwamba hawakukaa peke yao. Serikali ilitawala kwa kugawa: kila kabila na wilaya yake, na chama kikiruhusiwa basi kiwe cha kabila moja, kisizungumze na jirani. Jina la Taita Hills Association lenyewe linafuata mipaka hiyo. Lakini reli iliyosafirisha mkonge ilisafirisha pia habari. Voi ilikuwa njia panda: treni ya Mombasa, treni ya Nairobi, na ile njia ya kwenda Taveta iliyoanza kujengwa wakati wa Vita vya Kwanza. Mtaita aliyefanya kazi Mombasa aliishi mtaa mmoja na Mkikuyu, Mkamba na Mjaluo, na mwaka 1939 aliwaona wafanyakazi wa Mombasa wakigoma. KCA ikawasaidia Wataita, na Wakamba wa Ukamba Members Association chini ya Muindi Mbingu, ambaye wakati huo alikuwa amepelekwa Lamu kama mfungwa wa kisiasa, walikuwa wamekwisha kuwaonyesha njia. Walikuwepo pia Wahindi waliovuka mstari wa rangi: Isher Dass katika Baraza la Kutunga Sheria, na Makhan Singh katika vyama vya wafanyakazi. Mtaita, Mkikuyu, Mkamba na Mhindi wakizungumzia ardhi moja na mshahara mmoja: hilo ndilo lililoitisha serikali.

Vita vya Pili vilipoanza ikapatikana sababu. Italia ilikuwa Ethiopia na Somalia, na serikali ikadai kwamba vyama hivi vina mawasiliano na adui. Vikafungwa, na viongozi wake wakakamatwa na kupelekwa kizuizini Kapenguria, kaskazini magharibi mwa nchi, mbali sana na milima ya Taita. Wakenya wengi wakisikia Kapenguria hukumbuka kesi ya Kenyatta na wenzake watano iliyoanza mwaka 1952. Wataita walifika huko miaka kumi na miwili kabla, na walikaa pamoja na Wakikuyu na Wakamba. Serikali iliyowakataza kukutana ndiyo iliyowaweka chini ya paa moja.

Chama hakikufufuliwa. Siasa za Waafrika zilipoanza upya mwaka 1944 kupitia Kenya African Union, zilianza kwa jina la nchi nzima. Milimani shida ilibaki palepale, kisha ikazidi: mwaka 1948 Hifadhi ya Taifa ya Tsavo ikatangazwa, na leo hifadhi hiyo inachukua zaidi ya nusu ya kaunti ya Taita Taveta.

Mkondo wa wasomi wa Taita wanaosema kwa sauti haukukauka. Mashengu wa Mwachofi, mbunge wa Wundanyi, alikuwa miongoni mwa wabunge saba waliomsumbua Rais Moi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Karibu zaidi na habari yetu ni Mwandawiro Mghanga. Huyu aliongoza SONU, umoja wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambao mwenyekiti wake wa kwanza, Titus Adungosi, alifungwa miaka kumi baada ya jaribio la mapinduzi la 1982 na akafia gerezani mwaka 1988. Februari 1985 wanafunzi waliokusanyika uwanjani kwa maombi, kupinga kufukuzwa kwa wenzao, walivamiwa na askari. Damu ilimwagika na maisha yakapotea. Mwandawiro alifukuzwa chuoni na kufungwa, kisha akaishi uhamishoni Sweden. SONU ikapigwa marufuku mwaka 1987. Mwandawiro aliporudi nchini alichaguliwa mbunge wa Wundanyi mwaka 2002, na mwaka 2010 alihariri kitabu kuhusu ardhi, uchaguzi na migogoro ya Pwani kiitwacho Usipoziba Ufa Utajenga Ukuta. Suala lilelile la mwaka 1939, kutoka milima ileile.

Siku hizi Taita Taveta ina chuo kikuu chake, kilichopata hati mwaka 2016. Wundanyi ina shule ya sekondari ya Dr. Aggrey, yenye jina la James Aggrey wa Gold Coast (Ghana ya leo) aliyezuru Kenya mwaka 1924 akisisitiza usawa wa mweusi na mweupe. Waliochagua jina hilo walijua kwamba mtoto wa Wundanyi ana jamaa hadi Accra.

Waliomjua Woresha Mengo na wenzake wanazidi kupungua. Kama nyumbani kwenu Werugha, Mgange, Sagalla, Bura au Kasigau kuna barua ya chama, risiti ya ada, picha, au kikopo cha kipande cha babu, msikiache kiliwe na mchwa. Mtafuteni mwalimu wa historia au mhadhiri wa chuo chetu akipige picha na kuandika jina la mwenye nacho. Nanyi wanafunzi, likizo ya Agosti, kabla ya kukariri malengo ya chama kwa ajili ya mtihani, nendeni mkawaulize wazee shamba la tambarare la ukoo wenu lilikuwa wapi, na lilichukuliwa mwaka gani.