Kiraka: Historia ya Marekebisho ya Haraka katika Kazi ya Kompyuta

Neno kiraka, ambalo mshonaji hulitumia kwa kipande cha kitambaa kinachoziba tundu la nguo, limeingia katika kazi ya kompyuta bila kupoteza maana yake, kwa kuwa wasimamizi wa mifumo, yaani watu wanaotunza seva na mitandao ili ifanye kazi usiku na mchana, hukiita kiraka kipande kidogo cha msimbo kinachoondoa kasoro ya programu bila programu nzima kuandikwa upya. Mara nyingi kiraka hudharauliwa kama kazi ya kulipua, na sifa huwaendea waliobuni mifumo mizima. Hata hivyo, historia inaonyesha kwamba marekebisho haya madogo ndiyo yaliyowafundisha watu wasiofahamiana kujenga kitu kimoja pamoja, na kwamba yaliweza kufanya hivyo kwa sababu kiraka kizuri huonekana na pia kinaweza kubanduliwa.

Hapo mwanzo kiraka kilikuwa karatasi halisi. Kompyuta ya Mark I, iliyoanza kutumika katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani mwaka 1944 chini ya Howard Aiken, ilipokea maagizo kutoka kwenye ukanda mrefu wa karatasi ngumu, ambao kila mstari wake ulikuwa na nafasi 24 za matundu, na mashine iliusoma ukanda huo mstari baada ya mstari, tundu likiwa na maana yake na mahali pasipo na tundu pakiwa na maana yake pia. Aliyetoboa pasipostahili hakuweza kulifuta tundu, na kuutoboa ukanda wote upya kulikuwa na hatari ya kuzaa makosa mengine, hivyo kipande cha karatasi kilibandikwa juu ya tundu lililokosewa, na kosa lilipokuwa refu zaidi sehemu nzima ilikatwa na nyingine ikaungwa mahali pake. Ukanda mmoja wa mashine hiyo umehifadhiwa katika nyaraka za Smithsonian mjini Washington, na viraka vyake vinaonekana wazi kwa macho: yeyote anayeutazama leo anajua mahali hasa ambapo fundi wa wakati ule alikosea na jinsi alivyojisahihisha, jambo ambalo programu nyingi za baadaye, zilizosahihishwa kwa kufuta tu, haziwezi kulionyesha.

Programu zilipoanza kuandikwa kama faili za maandishi, kusahihisha kukawa rahisi na kazi ngumu ikawa kumweleza mtu wa mbali kilichosahihishwa. Katika maabara za Bell, ambako mfumo wa Unix ulizaliwa, Douglas McIlroy na James Hunt walishughulikia swali hilo, na njia yao, iliyochapishwa mwaka 1976, ndiyo msingi wa programu iitwayo diff, ambayo hulinganisha faili mbili na kutoa tofauti zao tu. Katika mpangilio uliokuja kuenea tangu 1990, mstari unaoondolewa hutanguliwa na alama ya kutoa, unaoongezwa hutanguliwa na alama ya kujumlisha, na kwa kawaida mistari mitatu isiyoguswa huachwa juu na chini yake ili mahali pa kushonea pajulikane.

Kilichokosekana kilikuwa sindano. Mwaka 1985 Larry Wall, ambaye alikuwa ameshatunga programu ya kusomea habari za mtandaoni iitwayo rn, alisambaza bure programu aliyoiita patch, neno la Kiingereza lenye maana ile ile ya kiraka, na kazi yake ilikuwa kuzisoma tofauti zilizotolewa na diff na kuzishonea kwenye nakala ya mpokeaji. Ubora wake ulikuwa katika kuvumilia hali halisi, kwa maana nakala ya mpokeaji mara nyingi ilikuwa imeshabadilishwa kidogo: pale mstari uliotajwa usipokuwa mahali pake, programu iliutafuta juu na chini kwa kuifuata ile mistari ya jirani, na iliposhindwa kabisa haikubahatisha, bali iliweka kipande kilichokataliwa katika faili ya pembeni ili binadamu aamue. Vilevile iliweza kufanya kazi kinyumenyume na kukiondoa kiraka chenye madhara. Katika zama ambazo kompyuta za vyuo zilipigiana simu kwa laini za polepole, tofauti kati ya kutuma programu nzima na kutuma mistari 20 ilikuwa kubwa sana.

Thamani ya kazi hiyo ilipimwa usiku wa tarehe 2 Novemba 1988, wakati programu iliyoandikwa na Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, ilipoanza kujinakili kutoka kompyuta hadi kompyuta, na ikakadiriwa kuwa imeingia katika mashine 6,000 hivi kati ya 60,000 zilizounganishwa na intaneti. Kabla ya kesho yake kupambazuka, kundi la Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley lilikuwa limeshasambaza kiraka cha sendmail, programu ya kupeleka barua pepe ambayo ilikuwa mojawapo ya milango ya mvamizi, pamoja na ushauri rahisi wa ajabu: kibadilishwe jina kikusanyi, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya mashine, kwa kuwa mvamizi alikihitaji ili kujijenga katika kila mashine mpya, na asingekipata kwa jina jingine. Ilikuwa tiba ya dakika moja, isiyogusa chanzo cha ugonjwa, nayo ilifaa kabisa kwa saa ile. Uchungu ni kwamba vyuo vingi vilikuwa vimejitenga na mtandao kwa hofu, na kwa kujitenga huko viliifungia nje dawa pia.

Wavuti nayo ilikua kwa viraka. Rob McCool, aliyetunga programu ya seva ya kituo cha NCSA katika Chuo Kikuu cha Illinois, alipoondoka mwaka 1994, wasimamizi wa tovuti waliendelea kuizibia kasoro kila mmoja peke yake, hadi Februari 1995 watu wanane walipoanza kukusanya viraka vyao kwa barua pepe. Toleo la kwanza la seva iliyotokana na viraka hivyo, iitwayo Apache, lilitoka Aprili mwaka huo, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa seva ya wavuti inayotumika zaidi duniani. Jina lilichaguliwa kwa heshima ya watu wa Apache wa Marekani, ingawa wengi walisikia ndani yake mchezo wa maneno ya Kiingereza kuhusu seva yenye viraka, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa.

Kiraka kisichobandikwa, hata hivyo, hakizibi kitu. Microsoft ilitoa dawa ya kasoro ya Windows tarehe 14 Machi 2017, na WannaCry, programu hasidi ya kudai fidia iliyotumia kasoro hiyo hiyo, ilianza kufunga kompyuta tarehe 12 Mei, miezi miwili kamili ikiwa imekaribia kupita, huku hospitali za Uingereza zikiwa miongoni mwa walioumizwa. Lawama nyingi ziliangukia wasimamizi, na si kwa haki wakati wote, kwa kuwa mashine inayohudumia wagonjwa haizimwi na kuwashwa upya wakati wowote.

Katika kiini cha Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, viraka bado hutumwa kwa barua pepe, vikiwa na alama zile zile za kutoa na kujumlisha. Tangu 2004, baada ya mgogoro wa mahakamani kuhusu asili ya msimbo, kila kiraka hubeba chini ya maelezo yake mstari wa jina la aliyekitunga, na anayekipokea na kukipeleka mbele huongeza jina lake chini ya hilo la kwanza, hivyo kiraka cha mistari miwili huweza kufika kikiwa na majina manne.