Pembe Ingine ya Nyangwe: Kutibu Pua na Kichwa Bila Kisu

Mutu akitaja Nyangwe, tunafikiri mara moja pembe za ndovu, misafara, na lile soko la kando ya Lualaba ambapo Livingstone aliona watu wakiuawa tarehe 15 Julai 1871. Historia yetu njo hiyo, hatuikatai. Lakini Waungwana waliofika kutoka pwani karibu mwaka 1860 walikuja pia na muchele, dini ya Kiislamu, Kiswahili, na namna zao za kutunza mwili. Tutazame leo pua na kichwa.

Kuna pembe ingine, ndogo, ya ng'ombe ao ya mbuzi. Watu wa pwani wanaiita chuku. Waarabu wanaita kazi yake hijama, neno lenye maana ya kunyonya. Makabila mengi ya Afrika ya kati walikuwa nayo pia. Munganga anatoboa ncha ya pembe, anaweka mudomo wake mupana juu ya ngozi, ananyonya hewa, kisha anaziba tundu kwa nta. Ngozi inavimba. Anaondoa pembe, anachanja kidogo kwa wembe, anairudisha, na damu inatoka. Waislamu wanakumbuka mapokeo yaliyokusanywa na Bukhari katika karne ya 9, yanayosema Mutume aliumikwa kichwani kwa sababu ya maumivu. Kwa hiyo mugonjwa wa kipandauso, yule anayeumwa paji la uso na nyuma ya macho, alipelekwa kwenye chuku.

Kwa mafua yasiyoisha, ambayo opitali wanaita sinusiti, kulikuwa na kujifukiza: chungu cha majani yanayochemka, mugonjwa chini ya blanketi. Na kulikuwa jambo dogo ambalo hakuna aliyeliita dawa. Mwislamu akitawadha anapandisha maji puani na kuyapenga. Nyangwe ilianguka mbele ya jeshi la Dhanis mwezi wa Machi 1893, misafara ikaisha, lakini tendo hilo linaendelea mpaka leo.

Sasa tuulize: katika hayo matatu, ni lipi waganga wa leo wanalisifu? Si pembe; faida yake haijathibitishwa vizuri, na wembe unaopita kutoka mutu mumoja mpaka mwingine unaleta ukimwi na ugonjwa wa maini. Muvuke unapunguza uzito wa pua kwa muda, lakini chungu kikipinduka mutoto anaungua. Ni maji. Kuosha pua kwa maji ya chumvi ni tiba inayoshauriwa duniani kote kwa sinusiti ya muda murefu. Ila maji yachemshwe kwanza, yapoe, na chumvi iwe kidogo tu. Kile kilichoonekana kidogo sana njo kimeshinda.

Kichwa kilichoumia ni habari ingine. Wagusii wa Kenya walikuwa na mafundi, omobari, waliopasua ngozi ya kichwa na kukwaruza mufupa wa mutu aliyepigwa. Sisi hatuwaigi, lakini walifahamu neno moja: pigo la kichwa linaweza kuwa na hatari ndani, ambayo macho hayaioni. Chuku haiwezi kuivuta damu iliyovuja ndani ya fuvu. Siku hizi vijana wetu wanaanguka na pikipiki katika barabara za Kasongo na Kabambare. Akitapika, akisinziasinzia, akisema maneno yasiyoeleweka, ao maji meupe yakitoka puani ao masikioni, tusimupe muvuke, tusimuchanje, tusimuoshe pua. Apelekwe opitali siku ile ile, hata kama anasema yuko muzima.

Kuheshimu dawa za wazee si kuzitumia popote. Ni kujua kila moja inafika wapi, na inaishia wapi.