Kwenda Majuu Kusoma: Waliotutangulia Wengi Walikwama Njia ya Kurudi

Ukishika simu sasa hivi ukatafuta namna ya kwenda kusoma nje, utapewa orodha ileile kila mahali: pasipoti, viza, tiketi, koti zito, na unga wa ugali uliobanwa kwenye begi. Sawa, vyote vinahitajika. Ila kuna kitu dalali wa vyuo hatakwambia, kwa sababu yeye kazi yake inaisha ukishapanda ndege. Watu wetu wamekuwa wakivuka bahari kwenda kusoma na kufundisha kwa zaidi ya miaka 100 sasa. Ukizifuatilia habari zao vizuri unagundua kwamba baadhi ya walioumia zaidi hawakuumizwa na baridi wala mitihani. Waliumizwa na safari ya kurudi.

Kwa hiyo wewe wa Mkonze, wa Nkuhungu, wa Area C, unayepiga hesabu za India, China, Uturuki au Canada, kaa hapa kidogo. Hii historia ni yako.

Mwalimu aliyezuiwa kuingia kwao

Twende Bagamoyo kwanza. Mwaka 1900 bwana mmoja wa huko alipelekwa Berlin kufundisha Kiswahili kwenye Seminari ya Lugha za Mashariki, chuo kilichowaandaa Wajerumani waliokuwa wanakuja kututawala. Huyu hakuwa mwanafunzi, alikuwa mwalimu. Jina lake Mtoro bin Mwinyi Bakari, na maandishi yake kuhusu desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani mwaka 1903. Mpaka leo wanahistoria wanayatumia.

Akiwa kule akampenda Mjerumani, wakaoana. Mwaka 1905 akaamua kurudi nyumbani na mke wake. Meli ikafika pwani yetu, na serikali ya kikoloni ikagoma: mume Mwafrika na mke Mzungu hawashuki hapa. Wakageuzwa. Mtu wa Bagamoyo, anaiona pwani yao, anaambiwa rudi ulikotoka. Alifia Berlin mwaka 1927.

Utasema huo ulikuwa ukoloni, umepita. Ni kweli, lakini swali lake bado liko palepale: maisha utakayoyajenga kule yatakubalika kwenye sheria za huku? Leo Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ukichukua uraia wa kule, wa huku umeuacha. Wengi wanakuja kulijua hili wakati fomu imeshajazwa. Lijue ukiwa bado upo kwenu.

Kijana wa Unguja aliyekaa miaka bila kumwona baba

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, mambo Zanzibar yalikuwa magumu kwa familia nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kijana mmoja wa miaka 18 akaondoka kwenda Uingereza. Akasoma Canterbury, akawa profesa, akaandika riwaya, na mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Ndiyo, ni Abdulrazak Gurnah.

Picha za tuzo wote tuliziposti. Kitu ambacho hatukukiposti ni hiki: haikuwezekana arudi Zanzibar hadi mwaka 1984. Aliwahi kumwona baba yake muda mfupi tu kabla mzee hajafariki. Aliwahi, aisee. Kuna wengi hawakuwahi.

Kwenye hesabu zako za kwenda majuu umeweka ada, umeweka chumba, umeweka nauli ya kwenda. Nauli ya dharura ya kurudi umeiweka wapi? Simu ikipigwa usiku kwamba mama amelazwa pale General, una cha kukatia tiketi? Na kibali chako kinakuruhusu utoke halafu uingie tena, au ukitoka ndiyo basi? Viza nyingine zinaruhusu kuingia mara moja tu. Isome yako kabla ya kusaini chochote.

Binti aliyerudi na barua mkononi

Sasa tuje kwenye ule mchongo mkubwa kuliko yote: ndege za wanafunzi. Mwaka 1959 Tom Mboya wa Kenya alizunguka Marekani akitafutia vijana nafasi za vyuo. Septemba mwaka huo ndege ya kwanza ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata vijana wengi wakawa na nafasi zao vyuoni, lakini nauli hakuna. Mfuko wa familia ya Kennedy ndio ukatoa dola 100,000. Funzo la kwanza hapo liko wazi: barua ya chuo siyo safari. Kukubaliwa chuo ni kitu kimoja, ada ni kitu cha pili, pesa ya kula na kulala ni cha tatu, na usafiri ni cha nne. Mtu akikwambia "umepata skolashipu", muulize inalipa kipi kati ya hivyo.

Mmoja wa waliopanda mwaka 1960 alikuwa binti kutoka Nyeri. Alifikia mji mdogo wa Atchison, jimbo la Kansas, kwenye chuo cha masista. Akasoma baiolojia, akaendelea Pittsburgh, akachukua shahada ya pili. Januari 1966 akarudi Nairobi na barua ya kazi ya chuo kikuu mkononi. Alipofika kuripoti akaambiwa nafasi keshapewa mtu mwingine.

Hebu jiweke pale. Umekaa nje zaidi ya miaka 5, ukoo mzima unakusubiri, na barua yako imegeuka karatasi. Yeye hakulia akarudi Marekani. Alizunguka mpaka akapata nafasi kwenye idara nyingine ya chuo kilekile, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu. Ni Wangari Maathai, Nobel ya Amani mwaka 2004.

Kwa hiyo ukiwa kule usipotee. Wasalimie walimu wako wa huku, waandikie waliosoma na wewe, fuatilia nani anaajiri. Ahadi ya mtu mmoja haitoshi.

Waliorudi wakatoboa

Siyo kila habari ni ya machozi. Mwaka 1949 mwalimu mmoja wa Tabora alikwenda Edinburgh, Scotland. Mwaka 1952 akamaliza, akarudi, akaingia darasani kufundisha shule ya Mtakatifu Francis, Pugu. Alikuwa mwalimu kabla ya kwenda, akarudi akawa mwalimu. Kutoka kwenye ajira hiyo ya kawaida kabisa akaanza kukutana na watu Dar es Salaam, na tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa. Julius Nyerere alikuwa na pa kufikia.

Na wa Dodoma wenzangu msijione wageni kwenye hizi safari. John Malecela, Mgogo wetu aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1990, alisoma Bombay tangu miaka ya 1950, halafu Cambridge. Kwa hiyo shangazi akikushangaa kwamba unakwenda India, mwambie watu wa kwetu walishapita huko kabla ya Uhuru.

Sasa ufanyeje? Anzia mwisho

Badala ya kuanza na begi, anza na siku utakayorudi, kisha shuka taratibu mpaka leo.

Siku ya kurudi utakuwa na cheti. Kitatambuliwa? Kwa shahada, wa kuuliza ni Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Uliza kabla hujalipa hata senti, kuhusu chuo chenyewe na kuhusu kozi, hasa kama ni udaktari, uuguzi, sheria au uhandisi, ambako bodi za taaluma nazo zina masharti yao. Miaka 5 ya udaktari isiyotambulika ni kilio cha ukoo mzima, maana shamba limeshauzwa.

Kabla ya hapo kuna miaka ya kusoma. Nchi nyingi zinamwekea mwanafunzi kikomo cha saa za kazi. Ukizidisha, unachezea kibali chako. Usiende na bajeti inayotegemea kazi ambayo hujaipata.

Kabla ya hapo kuna wiki ya kwanza. Jiandikishe ubalozini, au kama nchi haina ubalozi wetu, kwenye ule unaoisimamia. Tarehe 24 Februari 2022 vita ilipowaka Ukraine, wanafunzi wa Kitanzania walikuwepo kule na Kyiv hatukuwa na ubalozi. Wakati kama huo, jina lako kuwa kwenye orodha ni jambo la uhai. Tafuta pia umoja wa Watanzania wa mji huo kabla hujafika. Huko ndiko utaambiwa geto la bei nafuu liko wapi na unga wa sembe unauzwa wapi.

Na kabla ya hapo kuna leo. Hakikisha jina kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na pasipoti linafanana herufi kwa herufi. Acha nakala za kila kitu kwa mtu mmoja unayemwamini nyumbani, na nyingine zihifadhi kwenye barua pepe. Kisha kaa chini na wazee muongee ukweli: nani analipa nini, na pesa ikikata mwaka wa pili tunafanyaje. Hayo mazungumzo ni magumu kuliko mahojiano ya viza, ndiyo maana wengi wanayakwepa.

Koti zito? Nunua mtumba, au vumilia ukanunue hukohuko. Hilo ndilo dogo kuliko yote.

Kwa kila jina kubwa tulilolitaja kuna wengine wengi ambao hatutawajua kamwe: waliokwenda na kelele za ukoo mzima stendi, halafu wakanyamaza. Wengine hawakushindwa masomo. Walikosa nauli, walikosa karatasi, au waliona aibu kurudi mikono mitupu. Kama una ndugu wa aina hiyo huko nje, mpigie leo. Usimuulize amepata nini. Mwambie tu kwamba nyumbani bado pa kwake.