Posho, Mzigo na Eropleni: Vita Vilivyopita Usoke

Msafiri atokaye Tabora kwenda Kigoma kwa garimoshi hupita stesheni ya Usoke kabla ya kufika Urambo. Aghalabu hununua asali au karanga dirishani, na treni ikishaondoka huisahau. Lakini mwanzoni mwa mwezi wa Septemba, 1916, mahali hapa palipiganiwa kwa siku kadhaa. Wadachi walikuwa wakiilinda Tabora chini ya Jenerali Wahle, na majeshi ya Wabelgiji yaliyotoka Kongo yalikuwa yakiifuata reli kwenda mashariki. Masimulizi ya vitabuni yanataja makamanda, mizinga na tarehe. Mara chache mno yanamtaja aliyeutwanga unga ulioliwa jioni ile, au aliyeichukua mizinga pale ambapo reli ilikuwa imebomolewa. Katika insha hii tunataka kumtafuta mtu huyo, maana bila yeye vita hivyo visingefika Usoke.

Hatuna budi kuanza nyuma kidogo. Katika karne ya 19, njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita Unyanyembe, na kazi ya upagazi ilikuwa fahari ya Wanyamwezi. Kijana alitoka kwao baada ya mavuno, akabeba mzigo wa frasila mbili, yaani kilo zipatazo 32, akarudi kwa wakati wa kulima. Mbele ya msafara alikwenda kirangozi, na nyuma yake zilisikika ngoma na nyimbo. Ijara na posho vilijadiliwa. Mpagazi aliyedhulumiwa aliutua mzigo, na mwenye mali akabaki porini akiwabembeleza watu. Katika nyumba nyingi kijana ambaye hakupata kuiona pwani hakuhesabiwa kuwa amepevuka. Kazi ilikuwa ngumu, na njiani watu walikufa kwa ndui na kiu. Lakini wengi waliifanya kwa kupatana, na heshima yake walikuwa nayo.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, ilidhaniwa kwamba siku za kubeba kwa kichwa zimekwisha. Miezi michache baadaye Ulaya ikaingia vitani, na upagazi ukarudi kwa sura nyingine. Safari hii hapakuwa na kujadiliana. Watu waliandikwa na majumbe, wakachukuliwa msimu wa kulima na msimu wa kuvuna pia, na aliyetua mzigo alionja kiboko. Ujuzi uliokuwa mali ya Mnyamwezi uligeuzwa kuwa kodi ya mwili wake.

Vita hivyo vilileta pia jambo ambalo watu wa Ziwa Tanganyika hawakupata kuliona: mtu kupita angani. Huko Kigoma Wadachi walikuwa na meli kubwa, Graf von Götzen, iliyoletwa vipandevipande kutoka Ujerumani, ikaungwa na kushushwa majini mwaka 1915. Ili kuishambulia, Wabelgiji walipewa na Waingereza eropleni nne za kuelea majini. Zilisafirishwa hadi Mtoa, upande wa Kongo wa ziwa, kwa meli, kwa treni, kwa boti za mtoni, na kwa nguvu za watu pale ambapo chombo kingine hakikuwapo. Tarehe 10 Juni, 1916, rubani Behaeghe na mwenzake Collignon, aliyekuwa mwangalizi, waliruka hadi Kigoma wakaangusha mabomu.

Tufikiri kidogo juu ya watu hao wawili. Kiti chao kilikuwa wazi kwa upepo. Chini yao palikuwa na ziwa lenye mawimbi kama bahari, na mashine ikizimika hapakuwa na msaada karibu. Walihitaji ushujaa, nasi hatuwanyimi sifa hiyo. Behaeghe hakuuawa na risasi. Aliugua, akafa huko Kongo kabla ya mwaka ule kwisha. Jina lake limehifadhiwa. Lakini kila tone la petroli lililomrusha lilitoka mbali, na wale waliolisukuma, kulipakia na kulipakua hawakuandikiwa jina, ijapokuwa ugonjwa uliomuua yeye uliwaua wao pia.

Mwisho wa Julai Wadachi waliiacha Kigoma, wakaizamisha meli yao kwa mikono yao wenyewe. Baadaye Waingereza waliiopoa, na tangu mwaka 1927 inaitwa Liemba. Jeshi moja la Wabelgiji likaja kwa njia ya reli hadi Usoke. Jingine lilishuka kutoka kaskazini. Tabora ilianguka tarehe 19 Septemba, 1916, na kamanda wao mkuu, Tombeur, baadaye alipewa na mfalme wake cheo chenye jina la mji huo. Hivyo jina la Tabora lilikwenda Ulaya kama pambo la mtu mmoja.

Maisha ya kila siku ya mpagazi wa vita yalikuwaje? Aliamka kabla ya jua akafunga mzigo: sanduku la risasi, gunia la unga au kipande cha mzinga. Alitembea mpaka alasiri, pengine mpaka usiku. Alipofika kambini, kazi nyingine ilianza, nayo ndiyo iliyowamaliza watu wengi: kupika. Kuni zilikuwa mbichi au zimelowa, sufuria zilikuwa chache, na unga ulikuwa wa chengachenga. Mtu mchovu hakungoja uive. Alikula nusu ubichi, akalala chini bila blanketi, na baada ya siku chache alianza kuhara damu. Kwa sababu hiyo kuhara, malaria na homa ya mapafu viliua wapagazi wengi kuliko risasi. Wabelgiji wanakadiriwa kutumia wapagazi 260,000 katika vita vyote. Kwa upande wa Waingereza idadi ilikaribia milioni moja, na waliokufa walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni mabaki ya kikosi chao cha wapagazi.

Walioachwa nyumbani nao walilipa. Mikono iliyozoea kulima ilikuwa njiani, na nafaka ya ghalani ilichukuliwa na kila jeshi lililopita. Mvua zilipokosekana, Ugogo iliingia katika njaa ya mwaka 1918 hadi 1920 ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Basi yeyote asemaye kwamba vita vya mwaka 1914 vilikuwa vya Wazungu watupu, na amwulize Mgogo habari za Mtunya.

Hapa tunakiri kosa letu. Tulipokuwa watoto, wazee waliokumbuka vita vile walikuwa bado wako hai, nasi tulipita mbele ya baraza zao tukisema "Shikamoo" na kukimbilia mpira. Hatukuuliza. Leo hakuna aliyebaki wa kuulizwa.

Ila mzee mmoja tulimsikiliza, na hilo lilitokana na mvua iliyotuzuia kwake. Yeye alikuwa wa vita vilivyofuata. Alipelekwa Burma mwaka 1944 pamoja na vijana wengine wa Afrika Mashariki waliopita bonde la Kabaw wakati wa masika ya huko, wakavuka mto Chindwin mwezi wa Desemba. Katika msitu ule malori yalizama matopeni, na kwa hiyo chakula kilitoka angani. Tulitaka atueleze bunduki. Yeye akatueleza chumvi. Alisema, "Wajukuu zangu, tulisikia ngurumo, tukatazama juu, na magunia yakaanza kuanguka. Mengine yalikuwa na miavuli, mengine hayana. Lisilo na mwavuli likikupata, umekufa kwa unga." Alieleza namna ya kuwasha moto chini ya turubai, namna ya kumng'oa ruba mguuni, na furaha ya kupata barua ambayo mwenzake alimsomea. Kisha akasema neno ambalo hatujalisahau: "Ndege nzuri ni ile iletayo unga."

Baadaye tulisoma kwamba katika Burma hiyohiyo, mwezi wa Aprili, 1944, helikopta ilitumika vitani kwa mara ya kwanza kuwaokoa watu waliokwama porini. Tukamkumbuka mzee wetu. Katika muda wa miaka 28 tu, chombo kilichofika Kigoma na mabomu kilikuwa kimejifunza kuleta unga na kuchukua majeruhi. Historia ya mashine hiyo imeandikwa vizuri. Historia ya mtu aliyesimama chini akiitazama ilikuwa kifuani mwa mzee yule, na sehemu kubwa yake amekwenda nayo.

Dar es Salaam kuna Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927, na maandishi yake yanawakumbuka askari pamoja na wapagazi. Ni vyema. Lakini sanamu haiwezi kusema ugali ulikuwa mbichi kiasi gani.

Walimu na wanafunzi, kazi iliyobaki haijapita uwezo wenu. Wako bado miongoni mwetu watu waliokwenda vita vya Kagera, mwaka 1978 hadi 1979, na akina mama waliobaki wakilima na kungoja habari. Mwanafunzi akiwatembelea, asianze na swali la nani alishinda, maana jibu lake liko kitabuni. Na aulize: Mlikula nini? Mlilala wapi? Nani alipika? Mlibeba nini, na kilikuwa kizito kiasi gani? Kisha aandike jibu kama lilivyosemwa, na daftari libaki shuleni.

Wazee wa mwaka 1916 hatukuwauliza, na sasa stesheni ya Usoke haina wa kuisemea. Wa Kagera nao wanazeeka. Yule aliye jirani na shule yako huenda jioni hii yuko barazani.