Albamu za Dansi Tulizojitengenezea

Muulize mpenzi wa rege albamu anayoipenda kuliko zote, atakutajia jina, mwaka na hata picha ya jalada. Muulize mpenzi wa muziki wa dansi wa Tanzania swali hilohilo, atakujibu kwa nyimbo: "Neema", "Zuwena", "Karubandika". Mbane aseme zimo kwenye albamu gani, naye ataanza kukusimulia habari za kanda fulani aliyorekodiwa na jamaa mmoja Kariakoo, upande B, wimbo wa tatu, ukishapita ule wa bendi ya Maquis. Usidhani hajaelewa swali. Kwa sehemu kubwa dansi letu halikuwahi kuwa na albamu, na zile tulizonazo vichwani tulizipanga wenyewe, msikilizaji mmoja mmoja, kwenye kaseti.

Sababu zake zinaanzia studio. Kwa miaka mingi baada ya Uhuru, bendi iliyotaka kurekodi ilikwenda Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Kwanza mashairi yalipelekwa kwenye kamati yakakaguliwa. Yakipita, bendi nzima iliingia na kupiga kwa mkupuo mmoja, waimbaji, magitaa, tumba na matarumbeta pamoja, si chombo kimoja leo na kingine kesho. Akikosea mpiga besi, mnarudia wote. Nadhani ndiyo maana rekodi zile zina joto la ukumbini ambalo sijalisikia tena tangu studio za kompyuta zishike hatamu. Kazi ikiisha, utepe ulizungushwa kwenye gurudumu lake, ukaandikwa jina na kwenda maktaba. Ulirekodiwa urushwe hewani, si uuzwe dukani.

Na nani angehangaika kuuza? Bendi kubwa zilikuwa mali ya mashirika na jumuiya. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Jina la chama lilipobadilika na bendi nayo ikabadilishwa jina, ikawa Juwata, baadaye OTTU, hadi ikaishia kuitwa kwa mtindo wake, Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana, Bima Lee ya Shirika la Bima. Mlimani Park, yaani Sikinde, ilizaliwa mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Wanamuziki walikuwa waajiriwa wa mshahara. Fedha ya bendi ilipatikana mlangoni, kwa kiingilio, na wimbo redioni ulikuwa tangazo la kujaza ukumbi Jumamosi.

Santuri zilikuwapo, lakini zilichapwa Nairobi, kwenye viwanda na kampuni zenye masoko. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walihamia huko wakaifanya Simba Wanyika kuwa bendi ya Kenya kuliko ya Tanzania. Mbaraka Mwinshehe naye alinufaika na soko hilo. Alikuwa amekwisha kupiga gitaa na Morogoro Jazz mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70, na mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano. Alipofariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, Polygram ya Nairobi ilikusanya nyimbo zake kwenye mfululizo wa santuri kubwa ulioitwa Ukumbusho. Kwa hiyo mpenzi wa Mbaraka ana kitu cha kuweka kwenye rafu. Mpenzi wa Sikinde hakuwa na bahati hiyo.

Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mpaka haukufunguliwa tena hadi mwaka 1983. Njia ya kwenda kiwandani ikawa imeziba. Katikati ya miaka hiyohiyo ndipo Sikinde ilipozaliwa, Marijani Rajab akawa aking'ara na Dar International, na Remmy Ongala akaingia Dar es Salaam, mwaka 1978, kutoka Kongo kujiunga na Orchestra Makassy. Ukiniuliza mimi, dansi la Bongo halijawahi kuwa tamu kama wakati huo, na ndio wakati ambao ilikuwa taabu kupata sahani ya kulichapia. Mjerumani Werner Graebner alipokuja kulikusanya kwa ajili ya mfululizo wa Zanzibara wa kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa, aliipa CD ya tano jina la Hot in Dar, akaiwekea miaka 1978 hadi 1983. Sisi tulikuwa na nyimbo zile siku zote, ila kwenye utepe wa plastiki wenye upana usiofika milimita nne.

Utepe huo ulibuniwa Ubelgiji na timu ya Lou Ottens wa Philips, ukaonyeshwa Berlin mwaka 1963. Huku kwetu ulienea polepole. Redio kaseti ilikuwa kitu cha mwenye nacho au cha baharia, na kanda tupu zilikuwa adimu kama sabuni katika miaka ya uhaba baada ya vita vya Kagera. Mambo yalilegea mwaka 1984, Serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana wamezipata wapi, na yakalegea zaidi enzi za Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa. Ghafla maduka yakajaa TDK, Sony na Maxell, na kaka mtu anayetoka Uarabuni akitegemewa kuja na redio ya spika mbili na deki mbili.

Hapo kila nyumba yenye redio kaseti ikawa kampuni ya muziki. Unakaa na kipindi cha salamu, vidole viwili viko juu ya vitufe, cha kucheza na cha kurekodi, maana lazima vibanwe kwa pamoja. Gitaa la kwanza likilia unabana. Kikwazo kilikuwa mtangazaji, ambaye hakosi kusalimia wasikilizaji wa Kilosa na Nachingwea juu ya gitaa la solo. Wasiokuwa na mashine ya namna hiyo waliweka kinasa sauti mbele ya redio ya mbao, wakawaamuru watoto wanyamaze, jogoo hawakuamrika. Kulikuwa na elimu yake pia. Unavunja vipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti ili mtu asiifute, na ukighairi unaziba matundu kwa karatasi. Utepe ukilegea unauzungusha kwa kalamu ya Bic. Betri zikichoka unazianika juani, na bado Marijani ataimba kwa sauti nzito ya mzee wa miaka tisini.

Ambao hawakuwa na subira walikwenda kwa mafundi wa kurekodi. Karibu kila mji ulikuwa na vibanda hivyo, ukuta mzima kaseti, spika nje. Unampa fundi kanda tupu na karatasi yenye orodha ya nyimbo, unaambiwa urudi jioni. Wengi wao hawakuwa wa kunakili tu. Fundi mzuri aliisoma orodha yako akakubishia: huwezi kuweka nyimbo tatu za majonzi mfululizo, watu watalala. Alijua wimbo wa dansi huanza taratibu kwa masimulizi, halafu ukafunguka kwenye chemko ambamo magitaa yanajibizana na watu wanainuka. Kwa hiyo wimbo unaofuata usianze kwa nguvu, uwape watu nafasi ya kupumua. Alijua pia kwamba kanda ya dakika tisini ina utepe mwembamba unaopenda kuliwa na mashine, akakushauri uchukue ya sitini. Majina aliyaandika kwa mkono wake kwenye kadi ya ndani, mara nyingi kwa herufi kubwa za madoido, na si mara zote yalikuwa majina sahihi. Zipo nyimbo ambazo mpaka leo nazijua kwa jina la fundi.

Kanda niliyoipenda kuliko zote haikuwa ya bendi bali ya mtu mmoja, Muhidin Maalim Gurumo. Alikuwa NUTA, akaenda kuianzisha Sikinde mwaka 1978, mwaka 1985 akahamia Safari Sound wana Ndekule, kisha akarudi Msondo alikotoka. Kwa watu wa ukumbini kuhama kwake kulikuwa karibu na uhaini, maana mtu wa Sikinde hakanyagi kwa Msondo. Lakini kwenye kanda ukizipanga sauti zake za bendi hizo zote unasikia jambo ambalo mashabiki hatukupenda kulikubali: jamaa ni yuleyule. Bendi zinabadilika nyuma yake. Matarumbeta ya Sikinde yaliyopangwa na Michael Enoch yana ustaarabu, ya Msondo yana ukali wa barabarani. Yeye anaingia vilevile, bila haraka, kama mjomba anayetoa nasaha baada ya chakula. Hakuna kampuni ambayo ingetoa albamu ya namna hiyo, kwa kuwa hakuna iliyozimiliki bendi zote tatu. Iliwezekana kwa fundi na kalamu yake.

Kanda zilisafiri kuliko wenyewe. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Remmy. Rafiki yake Mwingereza aliporejea kwao aliondoka na kaseti ya bendi yake Remmy, Super Matimila, ikawafikia watu wa tamasha la WOMAD, na mwaka 1988 Remmy na wenzake wakawa jukwaani Ulaya. Mwaka huohuo ikatoka Nalilia Mwana, na mwaka 1989 Songs for the Poor Man, iliyorekodiwa kwenye studio za Real World huko Uingereza. Hii ya pili ni nzuri, kila chombo kinasikika peke yake. Hata hivyo mimi nawasikiliza Matimila wa RTD, waliobanana chumba kimoja. Mombasa nako, taarab ya harusini iliishi kwa njia hiyohiyo, na duka la Mbwana Radio Service la Mji wa Kale lilitoa kaseti za magwiji kama Juma Bhalo. Ila huo ni mkeka mwingine, na wenyewe wapo.

Kilichonishangaza ni kwamba vijana wa rap, waliodharauliwa na wazee wa dansi kuwa hawajui hata kushika gitaa, ndio waliotupatia albamu za kweli. Mr. II alitoa Ni Mimi mwaka 1995, na mwaka 2001 Professor Jay akatoa Machozi, Jasho na Damu, kaseti yenye jalada, jina na mpangilio uliokusudiwa, inayouzwa Kariakoo na mikoani. Wasambazaji waliwapunja, wasanii wakalalamika, lakini angalau palikuwa na kitu cha kugombania. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilikuta nyimbo za dansi zimekwisha kurekodiwa na kurekodiwa tena kwenye vibanda vya nchi nzima, kopi ya kopi, mpaka sauti ya juu imefifia ikabaki besi na mvumo.

Mafundi wetu hawakumlipa mwanamuziki hata senti, nasi tuliowapa karatasi za orodha hatukuuliza. Gurumo alipostaafu mwaka 2013, baada ya zaidi ya miaka hamsini ya kuimba, ilielezwa kwamba hakuwahi kumiliki hata baiskeli. Diamond Platnumz, kijana wa muziki mwingine kabisa, akamzawadia gari. Mzee alifariki Aprili mwaka uliofuata.

Siku hizi nyimbo hizo zimejaa YouTube, na nyingi zimetoka kwenye kanda za majumbani; bado unamsikia mtangazaji akiingilia. Kwa hiyo kazi ya kupanga haijatuishia. Nikipewa dakika thelathini za upande A nitafungua na "Neema" ya Sikinde, na sauti ya Cosmas Chidumule kabla hajahamia nyimbo za injili. Halafu "Zuwena" ya Marijani, "Karubandika" ya Maquis, na "Kifo" ya Remmy, ile ya RTD. Mtu wa Sikinde kama mimi analazimika pia kuweka "Queen Kasse" ya Juwata, kwa shingo upande, kwa sababu ni wimbo mzuri mno. Zikibaki dakika tatu, usihangaike kutafuta wimbo wa dansi wa kuingia humo, hakuna. Weka chemko la "Mary Maria" ya Vijana Jazz peke yake, uanzie katikati.