Maeneo 5 duniani ambako watu husafiri kwenda kusaka UFO, na wanachokiona wakifika

Kuna watalii wanaofuata simba, kuna wanaofuata fukwe, halafu kuna wanaokesha jangwani wakitazama juu. Hawa wa mwisho wanasaka UFO, yaani kitu kinachoonekana angani ambacho aliyekiona ameshindwa kukitambua.

Hapo kwenye "kukitambua" ndipo wengi wanapokosea. UFO si lazima iwe chombo cha viumbe kutoka sayari nyingine. Inaweza kuwa puto, ndege ya siri, hata taa ya gari. Cheki maeneo haya matano.

1. Roswell, New Mexico (Marekani)

Mwaka 1947 mfugaji mmoja alikuta mabaki asiyoyaelewa kwenye ranchi. Tarehe 8 Julai jeshi likatangaza kwamba limepata "kisahani kinachoruka". Haikuchukua muda, likageuza kauli: ni puto la hali ya hewa tu. Kugeuka huko ndiko kulikozaa uvumi uliopo hadi leo.

Mwaka 1994 Jeshi la Anga la Marekani lilieleza kuwa mabaki yale yalitokana na mradi wa siri ulioitwa Mogul, uliotumia maputo kunasa dalili za majaribio ya nyuklia ya Umoja wa Kisovieti. Kwa hiyo kweli kuna kitu kilifichwa, ila si kile watu walichodhani.

Ukifika leo utakuta makumbusho ya UFO, tamasha la kila Julai, taa za barabarani zenye macho ya viumbe wa ajabu, na mgahawa wa McDonald's wenye umbo la kisahani. Mji umeshaona fursa.

2. Rachel, Nevada (Marekani)

Hiki ni kijiji kidogo sana kilicho karibu na kambi ya kijeshi ya Area 51. Barabara namba 375 inayopita hapo ilipewa rasmi jina la Extraterrestrial Highway mwaka 1996. Watalii hula na kulala Little A'Le'Inn, kisha usiku wanatoka nje kutazama anga.

Serikali ilikaa kimya kuhusu kambi hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 2013 nyaraka za CIA zilizowekwa wazi zikaitaja kwa jina. Hapo ndipo ndege ya upelelezi ya U-2 ilipoanza kujaribiwa mwaka 1955. Iliruka juu ya futi 60,000, kimo ambacho watu wa wakati ule hawakudhani ndege inaweza kufika. Jua la jioni likiimulika, waliokuwa chini waliona kitu kinang'aa mbali kuliko ndege yoyote waliyoijua.

Angalizo: usijaribu kuvuka mpaka wa kambi. Kuna walinzi na kamera, na unaweza kukamatwa.

3. Marfa, Texas (Marekani)

Hapa watu husubiri taa zinazotokea mbali jangwani, zinagawanyika, zinaungana, kisha zinapotea. Kuna kituo maalumu cha kuzitazama kando ya barabara namba 90, mashariki mwa mji.

Mwaka 2004 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas, Dallas walizichunguza. Taa walizozirekodi zilikuwa za magari kwenye barabara namba 67, zikionekana kwa umbali mrefu. Hata hivyo watu bado wanamiminika, maana hata ukijua siri yake, mandhari inavutia.

4. Bonde la Hessdalen (Norwei)

Kama unataka fumbo ambalo bado halijafumbuliwa, nenda huku. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakazi waliripoti taa mara nyingi kwa wiki, nyingine zikielea angani, nyingine zikipita kwa kasi.

Wanasayansi hawakuwacheka. Walikwenda na vifaa, na mwaka 1998 kikawekwa kituo cha kurekodi taa hizo chenyewe bila mtu kukaa pale. Baadhi ya matukio yameshaelezwa, lakini kwa mengine wataalamu hawajakubaliana.

5. San Clemente (Chile)

Mwaka 2008 ilizinduliwa hapa njia ya utalii wa UFO yenye urefu wa kilomita 30 hivi, kwenye milima ya Andes. Kivutio kikubwa ni El Enladrillado, uwanda wa mawe bapa ulio juu mlimani, unaofikika kwa miguu au kwa farasi. Chile pia ina ofisi ya serikali, chini ya mamlaka ya usafiri wa anga, inayochunguza ripoti za aina hii.

Na Afrika je?

Tukio maarufu zaidi ni la Ruwa, Zimbabwe. Tarehe 16 Septemba 1994 watoto zaidi ya 60 wa shule ya msingi walisema wameona chombo na viumbe karibu na uwanja wao. Siku mbili kabla, mabaki ya roketi yalikuwa yameungua angani na kuonekana sehemu kubwa ya kusini mwa Afrika. Baadhi ya watoto wale, leo watu wazima, bado wanashikilia walichokisema. Lakini pale ni shule, si kivutio cha watalii.

Kabla hujasafiri

Chagua usiku usio na mbalamwezi. Weka kwenye simu programu ya kuonyesha nyota na setilaiti, maana Zuhura huwadanganya wengi, na tangu 2019 setilaiti za Starlink hupita zimejipanga mstari kama taa za treni.

Ukiona kitu, usikimbilie kuvuta karibu. Egemeza simu mahali imara, piga video huku mti au paa likionekana kwenye picha, kisha andika saa, mahali na upande uliotazama.

Kwa nini ujisumbue? Mwaka 2023 jopo lililoundwa na NASA lilisema halikuona ushahidi kwamba vitu hivi vinatoka sayari nyingine, na kwamba kikwazo kikubwa ni taarifa duni. Video ya sekunde 10 inayotikisika haimsaidii mtu. Yenye saa, mahali na upande angalau inaweza kuchunguzwa.