Majina ya Ubaya wa Sura kwa Waingereza

Kabla ya Waingereza kulipata neno ugly, ambalo leo hata mwanafunzi wa shule ya msingi wa kwetu analifahamu, wahenga wao walikuwa na njia mbili kubwa za kuutaja ubaya wa sura: ama walilitumia neno foul, lililochukua maana ya uozo na uvundo, ama waliukanusha uzuri tu, wakasema kitu si kizuri, wakaishia hapo. Katika utenzi wao wa kale wa Beowulf, zimwi Grendel linapoingia usiku katika ukumbi wa mashujaa, nuru itokayo machoni mwake imetajwa kwa namna hiyo ya pili. Mshairi hakuiita ya kutisha wala ya laana, aliivua uzuri basi, na kwa maoni yangu hofu ya msomaji huzidi kwa sababu ya uchache ule wa maneno.

Ugly lenyewe lilikuja na maharamia. Watu wa Skandinavia, walioanza kuzishambulia pwani za Uingereza mwishoni mwa karne ya 8, na katika karne ya 9 wakafanya maskani kaskazini na mashariki ya nchi ile, walikuwa na neno uggligr, ambalo asili yake ni kuogopa. Kitu kilichoitwa hivyo kilikuwa kitu cha kutisha, uzuri wa umbo lake uwe ulivyokuwa. Mwaka 1066 Wanormani nao walivuka bahari kutoka Ufaransa wakautwaa ufalme, na lugha yao ikaleta hideous, ambalo kadhalika lilizaliwa na hofu. Basi Waingereza walishindwa vitani na mataifa mawili, na kila taifa likawaachia neno la woga: la kwanza likapungua ukali karne baada ya karne hata likafaa kusemwa juu ya kofia au pazia, la pili likabaki na sehemu kubwa ya makali yake, ndiyo maana hadi leo Mwingereza akilitamka hideous huwa kama mtu aliyerudi nyuma hatua moja.

Wanavyuoni wa Mfalme James, waliotoa tafsiri ya Biblia mwaka 1611, walikuwa na adabu zaidi. Ng'ombe saba waliokonda waliomjia Farao ndotoni wamewaita ill favoured, yaani waliokosa jamala ya sura, kwa kuwa favour siku zile ilikuwa fadhila na ilikuwa wajihi pia. Msomaji wa Sura ya Yusuf atakumbuka kwamba Kurani inawataja ng'ombe wale kwa kukonda kwao tu, bila kuzihukumu sura zao. Na mnyama mwenye njaa, naona, alistahili insafu hiyo. Homely, lililotokana na nyumba, lilikuwa sifa ya kitu kisicho na makuu. Shakespeare alikwisha kulitumia kwa uso usiovutia, na maana hiyo ikashikwa na watu wa Marekani, ilhali Waingereza walielemea kwenye maana ya raha ya nyumbani, hata neno ambalo mtu wa London hulisifia sebule ya jirani yake, mtu wa Boston huchelea kulitamka mbele ya mke wa rafiki. Plain nalo, ambalo ni wazi na pasipo pambo, likaachiwa wanawake aghalabu, kama kwamba mwanamke asiyevutia ni nguo iliyosahauliwa kutariziwa.

Wanaume walijichagulia mzaha. Mwaka 1711 Richard Steele alisimulia katika gazeti la The Spectator habari za chama cha watu wenye sura mbaya mjini Oxford, na mwaka 1743 mzaha ule ukapata watu wake Liverpool, kilipoundwa chama kilichojitangaza kuwa cha heshima kuu na ucheshi, nacho ni cha nyuso mbaya. Aliyetaka kuingia sharti awe kapera, muungwana, mcheshi, na awe na jambo la ajabu usoni. Kanuni zao zilihesabu kuwa fadhila kinywa kipana, mashavu yaliyobonyea, midomo minene, makengeza, na pua nene mithili ya kiazi. Na katika daftari lao kila mwanachama aliandikiwa sura yake kwa tafsili, jicho hili likipimwa na lile, meno yakikaguliwa mpangilio wake, kidevu kikitajwa urefu wake. Sijui daftari jingine la zama zile lililoutazama uso wa binadamu kwa furaha namna hiyo. Lakini Liverpool ya siku zile ilikuwa ikitajirika kwa biashara ya watumwa waliochukuliwa Afrika ya Magharibi, na waliocheka mezani walikuwa wafanyabiashara na manahodha, watu ambao ubaya wa sura haukuwafungia mlango wowote. Aliyeujua mlango uliofungwa ni William Hay, mbunge mfupi mwenye kibyongo, aliyetoa mwaka 1754 kitabu juu ya kilema chake mwenyewe, na akaeleza jinsi wabunge wenzake walivyomstahi na jinsi makundi ya mitaani yalivyomkejeli.

Karne iliyofuata ubaya wa sura ulitoka mezani ukaingia katika sheria. San Francisco mwaka 1867, miaka 2 baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoijaza Marekani majeruhi na viwete, ilipiga marufuku watu wenye vilema kujionyesha njiani. Chicago ikafuata mwaka 1881, na miji mingine kadhaa kadhalika. Watunga sheria hawakuandika ugly. Walichagua unsightly, ambalo ni kisichopendeza kutazamwa, na disgusting, ambalo ni cha kukirihisha. Maneno mawili yasiyosema lolote juu ya uso wa maskini anayeomba, ila juu ya jicho na tumbo la tajiri apitaye. Katika msamiati wote huu sioni maneno yaliyo mabaya kuliko hayo, kwani hideous humtisha mtu mara moja na kupita, bali hayo yalimpeleka polisi. Chicago haikuifuta sheria yake hadi mwaka 1974.